Kivuli cha Mzee Ambakisye

Gari lilipofika kwenye kona ya kanisa, usukani ulijizungusha kulia, honi ikalia kwa kifupi, na breki zikabanwa taratibu kukwepa shimo ambalo manispaa ililiziba miaka mingi iliyopita. Kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu. Kushoto alikaa Bi Subilaga, kilemba kichwani, mkoba mapajani, akitazama mbele kwa utulivu wa mke anayeendeshwa na mumewe. Na ukitaka kusema kweli, ndivyo ilivyokuwa.

Aliyekuwa anaendesha ni kivuli-dereva. Hicho ni chombo chenye ukubwa wa kibuyu, kinafungwa chini ya dashibodi, kinamtazama mwenye gari anavyoendesha mpaka kinamjua. Kinajifunza anavyokanyaga breki, anavyokata kona, anapopenda kupiga honi na anapopenda kubaki kimya. Mwenye gari akizeeka au akifa, kivuli kinashika usukani kwa mikono miembamba ya chuma na kuendesha vilevile. Aliyekibuni ni mhandisi Tusajigwe Mwakalobo, binti wa Bi Subilaga, na gari la kwanza kufungiwa lilikuwa la baba yake, Mzee Ambakisye, aliyekuwa afisa ugani wa chai.

Tukuyu ya wakati huo ilikuwa jiji. Magari-jiongozi yalipita kimyakimya, yakiongea yenyewe kwa yenyewe kwa mawimbi, hayapigi honi, hayatukanani, hayajui kona ya kanisa ni ya nani. Katikati ya ustaarabu huo wote, fowili ya Mzee Ambakisye, gari la kizamani lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ilikuwa inakohoa moshi na kumpigia honi rafiki yake ambaye alishahamia Mbeya. Watu walitabasamu ikipita. Wazee wengine walisimama kabisa, wakavua kofia.

Tatizo lilikuwa kwenye mteremko. Lami ilipoanza kushuka kuelekea mjini, mkono wa chuma ulinyooka, ukashika ile gia ndogo iliyo pembeni ya gia kubwa, ukaivuta. Hiyo ndiyo gia ya kuyapa nguvu magurudumu yote manne. Hapo gari lilianza kuunguruma, na kwenye kona matairi yalilia kwenye lami kavu. Macho-barabara, vile vyombo vya jiji vilivyopangwa kando ya njia, viliona na kusikia. Amri ikaja kwa mwenye gari: lirekebishwe kabla ya masika, la sivyo likasagwe.

Tusajigwe, au Tusa kama mama yake alivyomwita, alisoma amri hiyo akacheka, kisha akanyamaza.

Alicheka kwa sababu alilijua kosa lile tangu utotoni. Watu wa zama za baba yake walizipenda fowili kuliko walivyozielewa. Kulikuwa na Mwalimu Anyosisye, jirani yao, aliyeamini kwamba fowili haikwami, akaipeleka kwenye tope kwa mbwembwe na kuitoa kwa ng'ombe. Kulikuwa na padri aliyeamini kwamba magurudumu manne yanasimamisha gari upesi zaidi, mpaka alipoingia kwenye shamba la migomba la watu akiwa bado anakanyaga breki. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama, kila gari breki zake ni nne, hata teksi ya kukodi. Lakini nani alisikiliza? Mtu akishanunua fowili, hashauriki.

Na baba yake naye alikuwa na lake. Alivuta gia ndogo kwenye lami kavu. Tusa akiwa chuoni, amejaa elimu mpaka inamwagika, alimkemea mara nyingi.

"Baba, lami kavu haitaki magurudumu manne. Ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, chuma kinavutana na chuma. Utaua giaboksi."

"Haya, mhandisi," baba alijibu, na wiki iliyofuata alivuta tena.

Sasa amekufa, na kosa lake limebaki hai. Mazoea yana taabu, na ya marehemu yana taabu zaidi, maana huwezi kubishana naye.

Alichonyamazia Tusa ni hiki: kivuli hakikatwi vipande. Mazoea yote yamefumwa pamoja kama ukili wa mkeka. Ukitaka kuondoa lile la gia ndogo, unafuta yote na kuweka dereva wa jiji, yule asiye na kona wala rafiki. Jumapili akamweleza mama yake.

"Gari litabaki, mama. Litaendeshwa vizuri tu."

"Na nani?"

"Na dereva wa jiji."

Bi Subilaga aliendelea kumenya ndizi. "Nilimzika mara moja, Tusa. Usinizikishe mara ya pili."

Tusa alilivuta gari kwa mnyororo mpaka karakana ya mamlaka ya barabara, akavaa ovaroli, akaamua kulifungua mwenyewe. Alitaka kuona limeharibika kiasi gani, pengine apate dawa ya kulituliza bila kumgusa baba yake.

Alitegemea kukuta maangamizi. Miaka yote ile ya kuvuta gia kwenye lami, viungo vya mbele vilipaswa kuwa vimelika na meno ya giaboksi yamekatika. Alichokuta kilimshangaza. Chuma cha zamani kilikuwa kizima, kimelika kidogo tu kama chuma cha gari la mzee mwangalifu. Mikwaruzo ilikuwepo, lakini ilikuwa mipya, inang'aa. Yote ilikuwa ya baada ya msiba.

Akakaa chini kwenye sakafu, spana mkononi, akifikiri. Nini kilibadilika baada ya msiba?

Makomeo yalibadilika. Fowili za zamani zilikuwa na makomeo mawili, moja katikati ya kila gurudumu la mbele. Ukitaka nguvu ifike mbele, unashuka, unainama, unayazungusha kwa mkono, ndipo unarudi kuvuta gia ndogo. Usiposhuka, gia unaivuta bure: propela ya mbele, ule mhimili wa kupeleka nguvu, inazunguka, magurudumu hayana habari. Wenye magari wengi hawakulijua hilo, wakakwama kwenye tope huku wanavuta gia na kulaani kiwanda. Baba yake alilijua. Ni yeye aliyemshusha Mwalimu Anyosisye na kumwonyesha, suruali imekunjwa mpaka magotini. Lakini kivuli-dereva hakina miguu ya kushukia kwenye tope, kwa hiyo baada ya msiba Tusa aliyatoa makomeo yale akaweka ya kisasa, yanayojifunga yenyewe gia ikivutwa.

Basi miaka yote ile, kwenye lami, baba alivuta gia isiyofanya kitu. Na alijua.

Tusa aliwasha kinasa cha kivuli, kinachotunza kumbukumbu za safari, na kupitia safari za mwisho za baba yake, moja baada ya nyingine. Alipokuwa peke yake hakuigusa gia ndogo kwenye lami hata siku moja. Aliivuta tu kiti cha kushoto, kile cha mama, kilipokuwa na uzito wa mtu. Tusa alijisikia aibu. Alikuwa akimfundisha baba yake jambo ambalo baba alilijua, na baba akamjibu "haya, mhandisi" bila kumwaibisha.

Dawa ikawa rahisi. Alirudisha makomeo ya zamani, akayaacha wazi, na kivuli kikawa kinavuta gia bure kama marehemu. Muungurumo ukaisha. Kilichobaki ni kumwambia mama, au kutomwambia. Kumwambia ni kusema: mumeo alikudanganya kwa gia isiyoshika kila mlipoteremka. Alizunguka na neno hilo siku nzima, na jioni, wamekaa jikoni, likamtoka.

Bi Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko cha chini ambacho Tusa hakukisikia tangu matanga.

"Sasa ndiyo umejua leo?"

"Mama, wewe ulijua?"

"Nina macho, mwanangu. Kwenye tope alikuwa anashuka, ananirudia na viatu vimejaa udongo. Kwenye lami hakushuka. Ningekosaje kujua?"

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?" Alijifuta mikono kwa kanga. "Mimi mteremko ule naogopa tangu nilipoolewa. Naogopa, na sipendi kusema. Nikiogopa nashika hapa mbele, kwenye dashibodi. Yeye akiona mkono wangu, anavuta kile kigia. Hakusema pole, hakusema usiogope. Anavuta tu, na mimi najua ameniona. Gari lishike lisishike, shauri yake."

Tusa alitaka kutabasamu, lakini mama yake alikuwa ameacha kucheka.

"Hiki chako kinavuta hata nisipoogopa," alisema. "Na siku ile mvua ya mawe iliponyesha kule tambarare, nilishika dashibodi mpaka vidole vikauma. Hakikuvuta."

Tusa alielewa mara moja, na alitamani asielewe. Macho ya kivuli aliyapanga mwenyewe, yote yanatazama barabarani. Hakuna hata moja lililotazama kushoto. Kilichopimwa pale ni uzito tu, kama gunia. Chombo kilijifunza mahali baba alipovuta gia, kikadhani sababu ni mteremko. Sababu ilikuwa imekaa pale kando, na mbunifu hakuiona.

"Naweza kuongeza jicho, mama. Nikifundishe."

"Kifundishwe na nani? Aliyekuwa anaona hayupo." Bi Subilaga aliikunja kanga yake mapajani. "Kizime, mwanangu. Nilikuwa najidanganya, na ilikuwa tamu, lakini kizime."

Tusa alikuwa na kibali cha majaribio, kinachoruhusu mhandisi kuendesha kwa mkono. Hakuwahi kukitumia nje ya uwanja wa karakana. Asubuhi alikitoa kivuli chini ya dashibodi, akakifunga kwenye kitambaa, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Gari liliondoka kwa kurukaruka, likapita kona ya kanisa bila honi, likatumbukia barabara kuu huku magari-jiongozi yakilikwepa kwa woga.

Mteremko ukaanza. Tusa alikanyaga breki kwa nguvu mno, gari likatikisika. Alipogeuka kidogo aliuona mkono wa mama yake, wenye mishipa, umeng'ang'ania dashibodi. Akavuta gia ndogo.

Gari halikubadilika hata kidogo. Baada ya muda mkono ule ukalegea, ukarudi mapajani.

"Umechelewa," alisema Bi Subilaga, macho mbele. "Baba yako alikuwa anaona mapema."

"Nitajifunza, mama."

"Utajifunza. Sasa tazama barabara, usinitazame mimi."