Misemo Arobaini ya Tajiri

Siku ya soko Lushoto, duka la fotokopi karibu na stendi lilifurika watu. Mwanaheri, aliyehariri vitabu vya kampuni moja ya Dar es Salaam akiwa nyumbani kwake, alichukua karatasi zake akakuta katikati ukurasa usio wake.

"Huo wangu, dada," alisema kijana mrefu wa sweta la kijivu, viatu vimeganda tope jekundu. Aliitwa Nassoro, mwalimu wa biashara. Alikuwa amekusanya misemo arobaini ya mwekezaji mmoja mashuhuri wa Marekani ili atoe kijitabu.

"Una hakika maneno haya aliyasema yeye?"

"Yamo mtandaoni."

"Huko mtandaoni hata mimi naweza kuwa mrembo wa dunia."

Nassoro alilitazama gauni lake la kitenge cha kijani na mtandio wa rangi ya chai. "Hapo mtandao hautakuwa umekosea."

Akamwomba amchunguzie misemo ile. Kila jioni Nassoro alipiga simu, na taratibu mazungumzo yakavuka misemo hadi mapenzi.

"Umefika wa ngapi, mpenzi?"

"Wa kumi na saba. Usinibembeleze, nasoma."

Mwanaheri alipitia barua za mwekezaji yule, hotuba na mahojiano yake. Misemo tisa tu ndiyo iliyokuwa yake. Ule alioupenda Nassoro kuliko yote, wa subira, ulitoka kwenye tangazo la benki lililochapishwa tajiri huyo akiwa bado shule ya msingi.

"Thelathini na moja si yake," alimwambia kwa simu.

"Wageni wa uzinduzi nimeshawaalika, Jumamosi ya mwisho wa mwezi!"

"Ahirisha."

"Wanafunzi wangu wanicheke?"

"Bora wakucheke kuliko uwadanganye."

"Kumbe ulikuwa unanitafutia makosa tu." Akakata simu.

Wiki mbili zikapita kimya. Mwanaheri alihariri kitabu cha ufugaji nyuki, akala, akalala. Simu aliitazama mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri.

Jumamosi ya uzinduzi alikwenda ukumbini, akakaa safu ya nyuma. Nassoro alisimama ndani ya suti iliyompwaya mabegani. Mezani hapakuwa na kijitabu hata kimoja.

"Misemo thelathini na moja niliyowaahidi si ya yule mtu," alisema. "Aliyegundua ni Mwanaheri, nami nikamkasirikia kwa kusema kweli. Leo nasoma tisa tu."

Wachache walicheka. Akaisoma yote tisa.

Nje, Nassoro alimkuta akifunga mtandio.

"Nimekukosea, Mwanaheri."

"Umenikosea."

"Nikiwatuma wazee wangu kwenu Mlola, watapokelewa?"

Alimaliza kufunga mtandio. "Baba atawauliza maswali mengi kuliko mimi."

"Watajibu."

"Basi waje Jumapili. Na watoke mapema. Ukungu ukishuka, ile barabara haionekani."