Jumamosi za Mfamasia

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni siku mtangazaji alipofuata dawa ya kikohozi. Mfamasia, mwanamke wa koti jeupe na hereni ndogo za fedha, alipoisikia sauti yake aliinua macho.

"Wewe ndiye unayetusimulia hadithi za miungu ya Kihindu redioni."

"Ndiye mimi. Unazipenda?"

"Sauti naipenda. Hadithi unazitoa wapi?"

"Filamu, vijitabu vya mtaani."

"Nilijua. Ule mstari aliochorewa mke wa mwanamfalme mbele ya kibanda, ili asidhurike, kwenye maandishi ya kale ya Kisanskriti haupo. Uliongezwa baadaye. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku."

Kesho yake mtangazaji alirudi bila kikohozi. Haikuchukua muda akawa anamwita "mpenzi", naye akiitwa "muongo wangu".

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Alasiri ikifika, simu ya mpenzi wake huzimwa. Akiuliza, jibu ni moja: "Nasoma." Siku moja, kabla haijazimwa, alisikia sauti ya mwanamume ikisema kwa upole, "Njoo ukae, chai inapoa." Tangu hapo moyo haukutulia. Gauni la bluu la kila Jumamosi la nini, kwenda kusoma tu? Manukato je?

Dada yake ndiye aliyetia petroli. "Nimemwona huyo unayetaka awe wifi yangu akiingia ghorofa ya mkabala na benki. Kafunguliwa na mwanamume, wakashikana mikono. Fumbua macho, mdogo wangu."

Jumamosi iliyofuata alimfuata kwa mbali, akapanda ngazi, akagonga mlango kwa ngumi.

Alifungua mzee mwenye mvi, mkono ukipapasa fremu ya mlango. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo," mtangazaji alijikuta akisema.

"Marahaba. Sauti hii naijua. Wewe ndiye unayetuharibia hadithi redioni. Ingia."

Mezani alikuwa mfamasia na gauni lake la bluu, kitabu kinene cha Kisanskriti mbele yake. Hakushtuka. Aliudhika.

"Huyu ni baba mkwe wangu," alisema. "Mume wangu alifariki. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea baba tangu macho yalipoanza kufifia. Sasa namsomea mimi, naye ananifundisha."

"Hukuniambia kama uliolewa."

"Niliogopa utaondoka. Hilo ni kosa langu. Lakini wewe ulinifuata kwa siri, ukaziuliza ngazi za watu. Mimi hukuniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema unasoma."

"Nilikuwa nasoma."

Mzee alikohoa kuficha kicheko. Mtangazaji alivuta kiti, aibu imemjaa hadi masikioni, akamgeukia.

"Mzee, nimekuja vibaya. Lakini kwa kuwa nimeshafika, naomba ruhusa yako nimwoe binti yako."

"Binti yangu ana masikio," mzee alisema.

Mtangazaji akageuka, safari hii akamtazama mwanamke mwenyewe.

"Utakubali nikuoe?"

"Ngoja nimalize ukurasa."

Akasoma polepole, na mzee akamsahihisha mara mbili. Mtangazaji hakuambulia hata neno, ila hakuondoa macho kwenye midomo yake. Mfamasia alipofika mwisho aliweka kidole kwenye mstari, asipotee.

"Nimekubali," alisema. "Ila Jumamosi zangu usiziguse. Ukitaka, uje na kiti chako."