Spika ya Severine

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka mazishini Marangu, Elimringi Mmari aliweka kiganja juu ya spika ya marehemu mdogo wake, akakuta ina joto. Haikuwa imechomekwa kwenye umeme.

"Kumbe unafanya mazoezi bila sisi, kaka," Mudi alimtania.

Bendi yao iliitwa Chuma cha Kale. Walifanya mazoezi Jumapili mchana, maduka yakiwa yamefungwa, katika stoo ya vitambaa ghorofa ya nne, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Elimringi na mdogo wake Severine walipiga magitaa, Celina Temba aliimba na kupiga besi, na Mohamedi Likwata, ambaye wote walimwita Mudi, alipiga ngoma. Muziki wao ulikuwa hevi metali ya zamani, ile ya kabla hawajazaliwa, ambayo ndugu hao waliijua kwa kanda za mjomba wao aliyekuwa baharia. Muziki huo hutaka magitaa mawili yapande pamoja, moja juu kidogo ya jingine, mpaka kileleni.

Severine alikufa wakati wa masika, mafuriko ya bonde la Jangwani yalipomchukua na pikipiki yake. Yeye walimpata. Gitaa lililokuwa mgongoni mwake halikupatikana.

Kwa heshima yake waliamua kuiacha nafasi yake wazi. Spika yake ilibaki palepale, na walipofika kwenye kipande cha magitaa mawili, Elimringi alipiga sehemu yake peke yake.

Jumapili ya pili Celina alirekodi kwa simu. Waliposikiliza, magitaa yalikuwa mawili. Celina alirudia mara tatu, kisha akaizima simu na kusema kwa sauti ya chini kwamba labda ni mwangwi.

Jumapili ya tatu hapakuwa na haja ya simu. Walianza wimbo kama kawaida, jua la saa tisa likiingia dirishani na muuza kahawa akigonga vikombe vyake huko chini, na walipokikaribia kile kipande stoo ikajaa harufu ya tope, tope la mtoni lenye majani yaliyooza, huko juu ghorofa ya nne, siku isiyo na tone la mvua, kisha taa nyekundu ya spika ikawaka yenyewe na gitaa la pili likaingia juu ya la Elimringi, safi, bila kukosea hata mahali pamoja, likapanda naye hatua kwa hatua mpaka kileleni, na Mudi akaendelea kupiga kwa sababu aliogopa kitakachotokea akinyamaza.

Kesho yake Mudi alimleta shangazi yake, Bi Badria binti Salumu wa Mtaa wa Swahili, ambaye watu humwendea kwa mambo ya majini. Alifukiza ubani, akauliza marehemu alifia wapi. Kisha akamgeukia Elimringi.

"Mwanangu, huyu si mdogo wako. Mdogo wako amelala kwenu. Hiki ni kitu cha maji. Kilimwona akifa, kikachukua kilichokuwa mgongoni mwake, kikakuta mmekiachia nafasi."

"Najua, bibi. Severine alikuwa anachelewa."

Alieleza taratibu, akiiangalia spika. Severine akiwa na miaka tisa, Elimringi aliubamiza mlango kwa hasira, ukakibana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa mdogo wake. Kidole hakikunyooka tena. Kwa hiyo kila walipofika kileleni sauti ya Severine ilichelewa nusu pumzi, na wote watatu walimsubiri, miaka yote, bila kulizungumza.

"Hiki hakichelewi," alimaliza. "Ndiyo nikajua."

Bi Badria alimziba mdomo kwa kiganja. "Usingeyasema hayo humu ndani," alinong'ona.

Alisoma dua mpaka jasho likamlowesha. Kufika alasiri spika ilikuwa imepoa na harufu imetoweka. Aliagiza spika iondolewe na nafasi ile apewe mpigaji mwingine. "Na kikirudi, usikijibu. Ukikijibu mara moja tu mimi sitaweza tena, na wewe utakifuata kilikotoka."

Jumapili iliyofuata Elimringi alipanda peke yake kuichukua spika. Celina na Mudi walisubiri chini na guta la mizigo.

Aliinama kuishika. Ilikuwa ya moto. Tope lilinuka, na kile kipande kikaanza, polepole, sehemu ya Severine tu, nayo sehemu ya kaka yake ikiachwa wazi. Kikapanda. Karibu na kilele kikasita, nusu pumzi, ndipo sauti ya mwisho ikaja.

Elimringi alijua ni nani aliyekifundisha. Alijua pia kwamba hakuna mwingine duniani atakayempigia tena sauti ile namna ile.

"Elimringi, unashuka?" Celina aliita kutoka chini.

Alikwenda mlangoni. Alipitisha vidole kwenye fremu, toka juu mpaka chini, kuhakikisha hakuna mkono wa mtu. Kisha akaufunga taratibu sana, akachukua gitaa lake ukutani.