Ukichoka Kukaa

Duka la dawa lilijaa watu siku ile, na foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye ngazi. Katikati ya foleni alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, viatu vimeng'aa. Mbele yake mama mmoja wa makamo alikuwa amekwisha kunja mkono wa gauni hadi begani.

"Daktari, hebu tazama hapa. Panawasha usiku kucha."

"Samahani, mama. Mimi si daktari."

"Usinifiche, mwanangu. Jana tu nimekuona ukimpasua mtu moyo."

"Ile ni tamthilia, mama. Mimi ni mwigizaji."

"Na yule mgonjwa akapona," mama akawaambia watu wa nyuma. "Nimeona kwa macho yangu haya."

Foleni nzima ikacheka. Kijana akajipangusa jasho, hajui aingilie wapi. Ndipo sauti ya kike ikamnong'oneza kutoka nyuma yake: "Mwambie hivi: Mama, ngozi yako inataka daktari wa kuishika, siyo wa kuitazama kwenye kioo. Nenda dirisha la pili."

Akayarudia maneno yale kama alivyopewa, kwa ile sauti nzito ya kwenye televisheni. Mama akashusha mkono wa gauni, akashukuru, akaenda dirisha la pili kwa adabu zote.

Kijana akageuka. Alimkuta msichana mfupi mwenye blauzi ya kijani, penseli imechomekwa kwenye nywele, na miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi.

"Umejuaje la kusema?"

"Kila siku nakupa la kusema," msichana akajibu. "Leo tu ndiyo hujalisoma kwenye karatasi."

Kumbe alikuwa mmoja wa waandishi wa tamthilia ileile. Waandishi walifungiwa chumba cha ghorofa ya juu, waigizaji walikuwa studio huku chini, na katikati yao zilipanda na kushuka karatasi peke yake. Alikuwa ameyaweka maneno yake kinywani mwa mtu huyu muda mrefu, na hawakuwahi kusalimiana.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Msichana alimwita Daktari kama watu wengine wote. Naye Daktari akampa jina alilolibuni mwenyewe, Kalamu.

"Halo, Kalamu. Leo tena umeniandikia nilie. Nimekukosea nini?"

"Ukilia unapendeza."

"Na nikicheka?"

"Ukicheka lile jino la pembeni linatokeza. Nitakuandikia vilio mpaka ulitengeneze."

"Mchokozi wewe! Nitamwambia mwongozaji."

"Mwambie. Kesho utaamka kwenye tamthilia hujui hata jina lako."

Daktari akageuza maneno upesi, akamuuliza kama amekula. Kalamu hakulitilia maanani jambo hilo.

Mama yake Kalamu alipofariki, Daktari alifika kabla ya ndugu wengi. Alivuta kiti akakaa karibu naye. Kwa kutojua la kufanya, akaanza kumwambia yale wanayoambiwa wafiwa wote: usilie, jikaze, Mungu amempenda zaidi.

Kalamu akamshika mkono. "Usiniambie nisilie," akasema. "Kaa tu hapa. Ukichoka kukaa, kaa tena."

Akakaa. Watu walikuja wakaondoka, naye akakaa. Jioni ile Kalamu aliposali, alimshukuru Mungu katikati ya machozi, kwa sababu alikuwa amepoteza mtu na kupata mtu.

Lakini Daktari alikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia.

Baba yake, fundi saa mstaafu, alikuwa amesahau karibu kila kitu. Hakumjua dada yake mwenyewe aliyempikia na kumwogesha. Hakumjua hata mwanawe. Kila asubuhi Daktari alimnyoa ndevu taratibu, na kila asubuhi mzee alimuuliza kwa upole, "Kijana, umetoka wapi? Wazazi wako wazima?"

"Wazima, mzee."

"Uwatunze."

Ila ilipofika saa moja jioni, muziki wa tamthilia ulipoanza, mzee aliinuka kwenye mto. Macho yake yalirudi. Alinyoosha kidole kwenye televisheni na kumwambia yeyote aliyekuwamo chumbani, "Yule pale ni mwanangu. Daktari." Mara nyingi aliyekuwamo chumbani alikuwa mwanawe huyohuyo, amekaa sakafuni karibu na miguu yake.

Kwa nini hakumwambia Kalamu? Alimjua. Kila kilichopita mbele ya macho yake kilikuja kuwa maneno kwenye karatasi. Baba yake alikuwa mtu wa heshima, na Daktari aliogopa kumwona siku moja ndani ya tamthilia, watu wakila chakula cha jioni huku wakimcheka mzee asiyemjua mwanawe.

Kisha ukaja mgomo.

Kituo cha televisheni kilikuwa na desturi ya kurudia vipindi vya zamani kila kilipopenda na kuviuza kwa vituo vingine, bila aliyeandika wala aliyeigiza kupata chochote. Waandishi waliomba mazungumzo, wakazungushwa mpaka wakachoka. Wakaweka kalamu chini, na waigizaji wakawafuata. Walikusanyika nje ya geti kila asubuhi, utepe mwekundu mkononi, wakaanza kwa sala, wakamalizia kwa nyimbo na makelele. Mwenyekiti wa chama chao, mwandishi mkongwe mwenye mwili mkubwa na sauti iliyozidi kipaza sauti chake, aliwapanga kama mama anayepanga wanawe kwa picha.

Daktari alibeba bango pamoja na wenzake. Kalamu alisimama pembeni yake.

"Unalishika kichwa chini miguu juu," akamnong'oneza.

"Niandikie namna ya kulishika."

"Tumegoma, bwana. Siandiki."

Wakacheka sana. Ndicho kicheko chao cha mwisho getini pale.

Jioni hiyo mkurugenzi wa kituo alimpigia simu Daktari.

"Sikiliza, kijana. Bila wewe hakuna tamthilia. Usipoingia kesho naiondoa hewani moja kwa moja. Saa moja jioni tutaweka mpira."

"Mpira?"

"Mpira. Na watu watakusahau upesi kuliko unavyofikiri."

Mkurugenzi alilisema lile kumtisha mwigizaji. Hakujua alikuwa anamtisha mtoto wa mtu. Daktari alimtazama baba yake aliyesinzia mbele ya televisheni, akaona saa moja ikifika na wachezaji wakikimbia kwenye kioo, na kile kidole cha mzee kikibaki kimelala juu ya shuka. Alipiga magoti kuomba ushauri wa Mungu, lakini alikuwa amekwisha amua kabla ya kupiga magoti.

Asubuhi aliingia ndani ya gari la studio, amelala chini, amefunikwa kwa mapazia ya jukwaani. Alizisikia nyimbo za wenzake zikipita juu yake. Sauti ya Kalamu ilikuwamo.

Studio hapakuwa na karatasi hata moja.

"Sema lolote," mwongozaji akamwambia. "Mgonjwa amefariki, wewe unamfariji binti yake. Lolote tu."

Taa zikawaka. Binti wa kuigiza akalia. Daktari akafungua kinywa akajikuta mtupu, kwa maana hajawahi kuwa na maneno yake mwenyewe mbele ya kamera. Kisha yakaja. Alivuta kiti akakaa, akamshika yule binti mkono.

"Sikuambii usilie. Nakaa tu hapa. Nikichoka kukaa, nakaa tena."

Mwongozaji akapiga makofi.

Jioni ileile kipindi kikarushwa, na mzee akanyoosha kidole. "Yule pale ni mwanangu." Daktari, sakafuni, akaanza kushukuru, akaiacha sala katikati.

Kulipokucha, maneno yale yalikuwa yamekwisha fika mtaani. Muuza chai wa pale getini alimwambia mteja, "Ukichoka kukaa, kaa tena!" wakacheka. Kalamu, ambaye usiku wa jana hakuwasha televisheni, aliganda na kikombe mkononi. Alihisi kama mtu ameingia chumbani kwa marehemu mama yake na viatu.

"Wewe binti, njoo hapa," Mwenyekiti akaita. "Unamwandikia yule msaliti kwa siri."

"Sijaandika, mama."

"Usinichezee. Nakufahamu unavyoandika kama ninavyomfahamu mume wangu anavyokoroma. Maneno yale ni yako."

"Ni yangu. Lakini sijayaandika."

"Basi yametoka wapi?"

Kujibu kungekuwa kuutandaza msiba wake barabarani kwa mara ya pili. Alifungua utepe mwekundu mkononi, akauweka kwenye kiganja cha Mwenyekiti, akaondoka. Njiani akapiga simu.

"Umeingia ndani."

"Nimeingia, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Kalamu, nisamehe."

"Nakuuliza kwa nini, Daktari."

"Siwezi kukuambia."

"Na maneno ya msiba wa mama yangu?"

"Yalitoka yenyewe, Kalamu. Naapa."

"Hayakutoka yenyewe. Niliyaweka kwako." Sauti yake ikapasuka. "Wanasema nimekuandikia kwa siri, nikawarudishia utepe wangu. Usiniite Kalamu tena."

Simu ikakatika.

Kesho yake Daktari alikwenda getini kwa miguu, mchana kweupe, shati lake jeupe limekunjamana. Aliomba kipaza sauti. Mwenyekiti alimtazama juu mpaka chini, kisha akampa.

"Yule binti hakuniandikia hata neno," akasema. "Maneno yale aliniambia msibani kwake. Mimi nimeyaiba. Mrudishieni utepe wake."

Kalamu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara; wakamwita, wakamrudishia. Kuhusu Daktari, hawakumpiga wala kumtukana. Walimgeuzia migongo tu, mstari mzima, na mgongo mmoja ulikuwa na blauzi ya kijani. Akasimama kidogo, akaondoka. Studio hakurudi tena.

Saa moja ilipokaribia alikimbia nyumbani, roho juu, akijiandaa kumkuta baba yake mbele ya mpira. Mlangoni akasikia sauti yake mwenyewe.

Kituo kilikuwa kimeweka kipindi cha zamani. Kwenye kioo alikuwa mwembamba, na masharubu aliyokwisha yanyoa siku nyingi. Mzee alikuwa ameinuka kwenye mto, kidole mbele.

"Yule pale ni mwanangu," akamwambia. "Daktari. Leo amefuga masharubu."

Kwa mzee kila kipindi kilikuwa kipya. Wangerudia hivyo hivyo hata milele, naye angemwona mwanawe kila jioni. Tena marudio ndiyo hayo hayo wenzake waliyokuwa wakiyagomea. Hapakuwa na mtu pale getini asiyejua kwamba mkurugenzi alikuwa na kabati zima la vipindi vya zamani. Angemuuliza Kalamu, neno moja tu, angemjibu huku akicheka. Daktari aliketi pale pale mlangoni akaufunika uso wake.

Mgomo ulishinda. Kituo kilikubali kulipia marudio, na waandishi wakapanda tena ghorofani. Daktari aliondolewa chamani, akapata kazi ya kusoma matangazo ya vifo redioni. Kalamu ndiye aliyepewa kazi ya kumtoa kwenye tamthilia. Wenzake walitaka afe kwa ajali. Aliandika kwamba amesafiri mbali, na hakumwambia mtu kwa nini.

Siku moja simu ya Kalamu ikaita, na jina la Daktari likatokea. Alitaka kuiacha. Akapokea.

"Ni wewe unayeitwa Kalamu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima. "Mimi shangazi yake. Kaka yangu amefariki alfajiri. Huyu mtoto hasemi wala hali chakula. Nimechukua simu yake bila ruhusa, Mungu anisamehe."

Shangazi akamweleza yote: kunyoa ndevu, kidole, mpira. Kalamu alisikiliza amesimama.

"Kwa nini hakuniambia, shangazi?"

"Aliogopa utamwandika kaka yangu."

Kalamu alivua miwani. "Yaani yeye ndiye aliyeogopa kuibiwa," akasema, akauliza msiba uko wapi.

Chini ya turubai walikuwepo majirani na watu wa ukoo. Wa kazini hakuwepo hata mmoja. Daktari alikaa peke yake mstari wa mbele, koti jeusi limemzidi mabega. Alipoiona miwani yenye uzi akainuka nusu, akarudi kitini.

"Sijui la kusema," akamwambia. "Kila neno zuri nililonalo ni lako."

"Basi usiseme."

"Nilikuwa mjinga. Baba angeona marudio tu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

Kalamu akamtazama Daktari. Alikuwa amekonda, na kidevuni alikuwa amejikata wembe, kama mtu aliyezoea kunyoa uso wa mwingine.

"Nimekusamehe," Kalamu akasema. "Nimeliombea jambo hili mpaka likatoka. Lakini sitakuficha: nikiwa na wewe sasa napima kila neno kabla ya kulisema. Sijui kama hilo litaisha."

"Na lisipoisha?"

"Sijui, Daktari." Akafuta macho kwa upande wa kiganja. "Songa kidogo."

Akasonga. Kalamu akakaa. Watu walikuja, wakatoa pole, wakaondoka. Jua likahamia upande wa pili wa turubai. Wenye viti vya kukodi wakaanza kuvikusanya kutoka nyuma, kimoja juu ya kingine, wakaviacha viwili vya mbele. Mguu wa Kalamu ulikuwa umekufa ganzi. Akaunyoosha, akavuta gauni lake vizuri, akakaa tena.