Wambeti na Kifungu cha Tisa

Wambeti huamka mapema, akakamua ng'ombe, akapika chai, kisha akashika njia ya kazini. Yeye ni kibarua wa msimu katika kiwanda cha majani chai karibu na Kianjokoma. Mwaka juzi alipojifungua mwanawe Gachoki, msimamizi alimpa mtu mwingine kazi yake. Chama cha wafanyakazi ndicho kilichomrudisha. Kadi ya chama anaiweka ndani ya Biblia, wala hacheki na mtu akiigusa.

Sasa kukawa na mswada mpya wa sheria ya kazi bungeni. Kifungu cha tisa kilisema kibarua wa msimu asijiunge na chama. Wambeti alikuwa mjamzito tena. Aliogopa, tusifiche.

Maofisa wa bunge walipokuja kusikiliza wananchi, vibarua sitini walijaa ukumbini. Desturi yao ni kuchagua mdomo mmoja. Wengine hupiga makofi. Walimchagua Wambeti. Akasema, "Kifungu cha tisa hatukitaki." Makofi yakatikisa mabati. Wakarudi nyumbani kifua mbele.

Wambeti alimsimulia jirani yake Carol, karani wa wakili mjini Embu.

"Nani aliandikwa jina?" Carol aliuliza.

"Mimi."

"Na wengine?"

"Walipiga makofi."

"Makofi hayaandikwi, Mama Gachoki. Kwenye karatasi, aliyepinga ni mtu mmoja."

Wambeti alikasirika. "Tulikuwa sitini, Carol. Na kesho hiyo sheria itanifukuza."

"Bado si sheria. Ni mswada tu, wabunge hawajaupigia kura. Maoni ya maandishi yanapokelewa mpaka Ijumaa. Kila mtu aandike jina, nambari ya kitambulisho, kifungu anachopinga, na sababu yake mwenyewe."

"Na asiyejua kuandika?"

"Aseme, mwenzake aandike. Asomewe, kisha aweke dole gumba."

Kesho yake, saa ya chakula, Wambeti alitoa karatasi. Mzee Kithinji, mchochea moto wa kiwanda, akamtania. "Tulishatuma mdomo wako. Sasa unataka na vidole vyetu?"

"Mdomo mmoja haukutosha, mzee. Lete dole."

Kithinji akacheka, akasema sababu yake, akasomewa, akaweka dole. Wengine wakapanga foleni. Wambeti aliandika yake kwa mkono wake: "Nilipojifungua nilipoteza kazi. Chama kilinirudisha."

Ijumaa asubuhi Carol alipeleka karatasi sitini bungeni. Alidai zigongwe muhuri, akabaki na nakala.

Miezi ikapita. Ripoti ya kamati ya bunge ilipotoka, Carol alimsomea Wambeti jikoni: "Vibarua sitini wa Kianjokoma wamepinga kifungu cha tisa. Kamati inapendekeza kiondolewe." Wabunge walipopiga kura, kikaondolewa kweli.

Wambeti alijifungua msichana. Likizo ya uzazi ilipokwisha, alirudi kiwandani. Msimamizi alimkuta langoni.

"Kazi yako ipo," akasema.

"Najua," alijibu Wambeti, akafunga aproni yake.