Dawa Mbili Ndoo Moja

Mtaani walimwita Daktari wa Madoa. Alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa mbele ya chumba alichoishi na mkewe: mabeseni, meza ya kupigia pasi, na rafu iliyojaa chupa. Chupa zote aliziita jina moja, dawa. Kulikuwa na dawa ya weupe, ya kung'arishia mashuka. Kulikuwa na dawa ya choo. Kulikuwa na dawa ya mende.

"Dawa ni dawa," alipenda kusema. "Moja ikishindwa, iongezee mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Aliyeinamia mabeseni hayo ni mkewe. Alikohoa akisuuza, akakohoa akianika.

"Mume wangu, kifua hiki ni cha dawa zako."

"Ni vumbi hilo."

"Vumbi linatoka kwenye ndoo?"

Habari haina miguu lakini hufika. Mama mkwe akatuma neno: "Nakuja kumwona mwanangu. Nikimkuta bado anakohoa, narudi naye."

Dobi alikosa usingizi. Alimpenda mkewe, ingawa hakuwahi kumwambia. Lakini kichwa chake kilikuwa kigumu kama kibao cha kufulia. Badala ya kufikiria kikohozi, akafikiria choo. "Mama akikuta choo kinang'aa, atajua binti yake anaishi pazuri."

Siku ya mgeni, alimimina dawa ya weupe kwenye ndoo, akaiongezea dawa ya choo. Ndoo ikachemka bila moto. Macho yakamchoma.

"Inafanya kazi," akajisifu, machozi yakimtiririka. Akamwaga chooni, akafunga mlango ili nguvu isitoke, akaenda bombani kunawa.

Huku nyuma mama mkwe akafika. Safari ndefu ina haja zake. Aliweka mfuko chini, akaelekea moja kwa moja kule mlango ulikofungwa.

Dobi aliporudi alikuta mfuko bila mwenyewe. Akautazama mlango wa choo, akaelewa. Afanye nini? Mkwe hagongewi mlango wa choo. Hata mahali penyewe hupataji mbele yake. Akasimama mbali, akageuza uso ukutani, akasema kwa adabu zote:

"Mama, karibu chai."

Ndani kukasikika kikohozi.

"Mama, chai inapoa."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama mkwe akatoka mbio, macho mekundu, kilemba kimeziba pua.

"Unaniua," akasema alipopata pumzi, "halafu unaninywesha chai."

Mke wa dobi alimkalisha mama yake penye upepo, akamwosha macho kwa maji mengi safi, akampeleka zahanati. Mganga alimsikiliza kifua. Akasema ana bahati, amewahi kutoka. Sasa nyumba ilikuwa na vikohozi viwili, na mfuko wa mama mkwe haukufunguliwa: alikuwa tayari kuondoka na binti yake.

Kesho yake wanafunzi wa chuo walipanga meza kwenye uwanja wa shule. Walisoma kemia, na sehemu ya masomo yao ilikuwa kuwatumikia watu kwa kile wanachokijua. Mama mkwe akazibeba zile chupa mbili, akamshika dobi mkono.

"Twende, daktari. Wenzako wamekuja."

Binti mmoja wa chuo alimpa dobi glasi za maji ya zambarau, yaliyochemshwa na kabichi ya rangi hiyo.

"Tia mwenyewe, baba."

Dobi akakamua limau. Maji yakawa mekundu. Glasi nyingine akatia maji ya majivu. Yakawa kijani.

"Huyu mchawi," mtu akanong'ona.

"Si uchawi," binti akacheka. "Limau lina asidi. Maji ya majivu ni kinyume chake. Kabichi inatuonyesha nani yuko upande gani. Sasa tia dawa yako ya choo, kidogo tu."

Maji yakawa mekundu kuliko ya limau.

"Asidi," dobi akasema kabla hajaulizwa.

Katika glasi ya mwisho akatia dawa ya weupe. Ikaanza kijani, kisha rangi yote ikatoweka.

"Imefua," akasema kwa fahari.

"Imeila rangi, baba. Ndani yake mna klorini iliyofungwa. Ukitia asidi, unaifungulia mlango. Inatoka ikiwa hewa ya sumu, inachoma macho, koo na mapafu."

"Basi zichanganye tuone," kinyozi wa mtaani akasema.

"Hapana. Hilo halifanywi popote."

"Limeshafanywa," akasema mama mkwe. "Kabichi nilikuwa mimi."

Uwanja mzima ukacheka. Dobi hakucheka. "Lakini zote si dawa?"

"Neno hilo ndilo linalotuponza. Mke wa kwanza ni mke, wa pili ni mke. Ukiwaweka chumba kimoja?"

"Halali mtu," mama mkwe akajibu.

"Basi hawa ni wake wenza. Kila mmoja na ndoo yake na siku yake. Dawa ya weupe haichanganywi na kitu ila maji, tena penye hewa. Hata mkojo haupatani nayo. Choo kimwagie maji mengi kwanza."

Dobi akaishika chupa. "Mbona walioitengeneza hawakuniambia?"

Binti akaigeuza. Onyo lilikuwepo, nyuma, chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa, kwa lugha ambayo hapo uwanjani waliijua wanachuo peke yao. Mbele palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka.

"Jina wameliandika kubwa," akasema mke wa dobi. "Kifua changu wamekiandika kidogo."

"Na dawa ya kunguni ilikuwa hivyo hivyo nikiwa msichana," akasema mama mkwe. "Na ya kunyunyizia mazao pia. Tukazika watu. Wakiuza wanakijua Kiswahili. Wakionya wanakisahau."

Siku ile ile wake kwa waume waliandamana hadi dukani. Mwenye duka akajitetea kwamba chupa hatengenezi yeye.

"Basi maneno yetu mpelekee anayezitengeneza," mke wa dobi akamwambia. "Chupa isiyosema nasi hatuinunui."

Kiwanda hakijajibu mpaka leo, nao hawajaacha kukiuliza. Lakini chupa za dawa ya choo za duka lile zimebandikwa karatasi kubwa: ASIDI. HAITAKI MWENZAKE. Za dawa ya weupe: MAJI TU.

Dobi alihamishia mabeseni uani, penye upepo. Kikohozi cha mkewe kikapungua, kisha kikasahaulika. Asubuhi moja mama mkwe akafunga mfuko wake. Ulikuwa mmoja tu; wa binti yake haukufungwa. Dobi akaleta chai.

"Humu mna nini?" mama mkwe akauliza.

"Maji, majani na sukari, mama."

"Wanapatana?"

"Wanapatana."

Akanywa yote. Kisha, kwa kuwa safari ni ndefu, akaelekea uani. Kwenye mlango wa choo akageuka.

"Mkwe wangu," akasema, "leo nikikawia, gonga."