Kaniki za Kikundi cha Ngoma

Mwaka 1984 sabuni ilikuwa adimu. Skolastika wa Kiriba alifua nguo kwa majani ya mpapai.

Siku moja alikuwa akianika udaga wa muhogo juu ya jabali. Binti yake mdogo, Nyamisi, alikaa karibu akijikuna.

"Acha, utajitoa damu."

"Inawasha, mama."

Skolastika alitazama mkono wa mtoto. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo. Yeye mwenyewe alikuwa navyo kiunoni. Hata mumewe, Wenceslaus, alijikuna kutwa.

Skolastika alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha kijiji. Sabasaba ilikuwa karibu, na kikundi kilitakiwa kwenda Bunda kushindana. Wachezaji walivaa kaniki za kijiji. Zilikuwa chache, na vitambaa havikupatikana dukani. Basi walizivaa kwa zamu. Wanawake wakizivua, vijana wanazivaa.

Jioni ile mazoezini, Skolastika alitazama watu. Wachezaji wote walijikuna. Wapiga ngoma hawakuvaa kaniki, nao hawakujikuna. Isipokuwa Wenceslaus. Kwa nini yeye?

Masatu, kiongozi wa kikundi, alikasirika. "Kaniki hizi zina mkosi. Kesho tunazichoma!"

"Ndugu Masatu, tukizichoma tutacheza na nini Bunda?" aliuliza Skolastika. "Ngoja kwanza nimuulize nesi."

Asubuhi alikwenda zahanati na Nyamisi. Nesi Getruda aliwakagua wote wawili.

"Huu ni upele, mama. Unaletwa na mdudu mdogo mno, huwezi kumwona. Anachimba kwenye ngozi na kutaga mayai humo."

"Anatoka kwenye kaniki?"

"Anaweza kupita kwenye nguo mnazobadilishana. Lakini zaidi anapita kwa kugusana, ngozi kwa ngozi."

"Mbona mume wangu anawashwa? Yeye anapigaga ngoma tu, kaniki havaagi."

"Analala na nani?"

Skolastika alicheka. "Na mimi, nesi. Na huyu mtoto katikati."

"Umejijibu mwenyewe."

Nesi alimpa dawa ya salfa ya kupaka. "Mpakane nyumba nzima, hata asiyewashwa. Anzeni shingoni mpaka nyayoni, na katikati ya vidole. Fanyeni hivyo siku tatu mfululizo, mkienda kulala. Nguo na shuka mzichemshe, kisha mzianike juani."

"Sabuni sina."

"Mdudu huyu anakufa kwa maji ya moto, si kwa povu. Na waambie wenzako waje, wote watibiwe pamoja. Kuwashwa kutabaki kidogo, kisha kutaisha."

Wachezaji walikwenda zahanati na watu wa nyumba zao. Masatu mwenyewe alikoka moto, wakachemsha kaniki zote katika pipa. Baada ya muda Nyamisi alianza kulala vizuri.

Siku ya Sabasaba uwanja wa Bunda ulijaa. Vikundi viliimba kuhusu pamba na mahindi. Zamu ya Kiriba ilipofika, Skolastika aliimba wimbo aliotunga mwenyewe:

*Mpake baba, mpake mama,*
*mpake na asiyewashwa;*
*chemsha shuka, anika juani,*
*mdudu hana pa kulala.*

Watu walicheka, wakaitikia. Kiriba walipata nafasi ya pili.

Watu walipoanza kutawanyika, Ndugu Florian, afisa utamaduni aliyekuwa akitoa alama, alimwita Skolastika pembeni. Aliongea polepole, huku akijikuna katikati ya vidole.

"Mama, hiyo dawa ya kupaka mliipata wapi?"